DisplayPort, HDMI, VGA au USB: uunganishe vipi monita mbili au tatu bila kupoteza picha wala sauti

Kompyuta ya mezani ikishafungwa monita mbili au tatu, malalamiko huwa yale yale: moja haiwaki, nyingine inazima na kuwaka, au sauti iliyokuwepo jana leo haipo. Wengi hukimbilia kuweka Windows upya, kumbe kasoro iko kwenye njia inayopitisha picha, yaani tundu, kebo na adapta. Sauti nayo hupita humo humo, kwa sababu HDMI na DisplayPort hubeba vyote viwili kwenye waya mmoja. Ukichagua namna ya kuunganisha monita, umechagua pia sauti itokee wapi, na hilo watu wengi hawaliwazi hadi spika zinyamaze.

Hapa tunalinganisha njia nne zinazopatikana madukani: DisplayPort, HDMI, VGA pamoja na ndugu yake DVI, na adapta za USB. Kila moja tutaipima kwa mambo yale yale: ubora wa picha, mwenendo wa sauti, idadi ya monita inazoruhusu, hitilafu zake za kawaida, na mtu inayemfaa. Bei hutofautiana mno kati ya duka na duka, hivyo haimo kwenye vipimo.

Kwanza tazama nyuma ya kasha

Usinunue kebo kabla ya kujua ulicho nacho. Kama kuna kadi ya michoro (kadi ya ziada inayotengeneza picha), matundu yake yako kwenye bamba la peke yake, mbali na kundi la matundu ya USB na ya sauti. Yale yaliyo pamoja na USB ni ya ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Kwenye kompyuta nyingi, kadi ikiwekwa, michoro ya prosesa (uwezo wa kutengeneza picha uliomo ndani ya prosesa) hujizima yenyewe. Monita iliyochomekwa kwenye ubao mama itaandika "No Signal" ingawa kebo ni nzima. Zote zichomeke kwenye kadi. Ukihitaji matundu ya pande zote mbili, ingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka) utafute kipengele chenye jina kama "iGPU Multi-Monitor" na ukiwashe. Kumbuka pia kwamba prosesa za Intel zenye F mwishoni, mfano i5-12400F, hazina michoro ndani. Matundu ya ubao mama hayatatoa picha hata ufanyeje.

Kompyuta za mtumba zinahitaji uangalifu zaidi, na ndizo zilizojaa kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1 zina VGA moja na DisplayPort mbili nyuma, bila HDMI. Michoro ya prosesa za Intel Core za kizazi cha pili huendesha monita mbili tu, na kuanzia kizazi cha tatu huendesha tatu. OptiPlex 7010 hukubali vizazi vyote viwili, kwa hiyo jina la kasha halitoshi. Muulize muuzaji namba ya prosesa: i5-2400 ni kizazi cha pili, i5-3470 ni cha tatu.

DisplayPort

*Picha.* Toleo la 1.2, la mwaka 2010, linapeleka 4K (picha ya nukta 3840 kwa 2160) kwa Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, bila shida. Toleo la 1.4, la mwaka 2016, linafika 4K kwa Hz 120. Kebo ya kawaida kwa 4K iwe fupi, mita 2 hivi. Ukirefusha zaidi, picha huanza kukatika kwa sekunde moja au mbili kisha kurudi.

*Idadi ya monita.* Hapa DisplayPort inajitenga na wenzake. Tundu moja linaweza kuendesha monita kadhaa kwa mfumo wa MST: kebo inatoka kwenye kasha hadi monita ya kwanza, kisha nyingine inatoka kwenye hiyo kwenda ya pili. Monita ya kwanza lazima iwe na tundu la kutolea, na MST iwashwe kwenye menyu yake. Ya mwisho kwenye mnyororo iachwe ikiwa imezimwa MST. Hii ni habari njema kwa watumiaji wa Windows na Linux. Kwenye macOS, monita za mnyororo huo huonyesha picha moja ile ile.

*Sauti.* Inabeba vizuri, na kila monita huonekana kama kifaa chake cha sauti. Tatizo huanza monita inapozimwa kwa kitufe au inapolala usingizi mzito: kompyuta huhesabu kwamba imechomolewa. Madirisha yote yanahamia monita iliyobaki, kifaa cha sauti kinatoweka kwenye orodha, na wimbo unaanza kutokea kwenye spika nyingine au unanyamaza kabisa. Ukiiwasha tena, sauti wakati mwingine hairudi mpaka uichague kwa mkono. Tafuta kwenye menyu ya monita kipengele kama "DP Deep Sleep" ukizime. Kwenye Windows 11 nenda Settings, System, Display, kisha "Multiple displays", uwashe "Remember window locations based on monitor connection". Baada ya hapo acha monita ilale yenyewe badala ya kubonyeza kitufe chake.

*Hitilafu.* Iko moja inayowachanganya hata mafundi. Pini ya 20 ya DisplayPort hubeba umeme wa volti 3.3 kwa ajili ya adapta. Kebo ya kuunganisha kompyuta na monita haitakiwi kuiunganisha pini hiyo upande hadi upande, lakini kebo duni huiunganisha. Umeme wa monita hurudi kwenye kadi hata kasha likiwa limezimwa, na kompyuta inakataa kuwaka mpaka uchomoe kebo ya monita. Ukiona dalili hiyo, badili kebo kabla ya kugusa chanzo cha umeme (power supply) cha kasha. Jambo jingine dogo: vichwa vingi vya kebo hizi vina vindoano viwili. Bonyeza kitufe cha juu ndipo uvute, la sivyo utang'oa tundu.

Adapta nyepesi za kutoka DisplayPort kwenda HDMI hufanya kazi upande mmoja tu, kutoka kompyuta kwenda monita. Ukiwa na kompyuta yenye HDMI na monita yenye DisplayPort pekee, unahitaji kigeuzi chenye saketi, na kwa kawaida hicho huwa na waya wa USB wa kuvuta umeme. Na kwenye mashine za kizazi cha tatu cha Intel, ukigeuza DisplayPort zote mbili kuwa HDMI kwa adapta nyepesi huku unatumia na VGA, mara nyingi monita ya tatu haiwaki. Kwa monita tatu, mbili ziende kwa DisplayPort halisi.

*Inamfaa* mhasibu, mwandishi wa programu, mhariri wa video, mcheza gemu, na yeyote anayepanga monita tatu mezani.

HDMI

*Picha.* Toleo la 1.4 lina kikomo kinachouma: 4K kwa Hz 30 tu. Utakitambua kishale cha kipanya kinapoburuta kama kimechoka. Toleo la 2.0 linatoa Hz 60, na 2.1 linatoa Hz 120. Kompyuta, kebo na monita vyote vitatu vikubali kasi hiyo. Kimoja kikiwa cha zamani, vingine vinashuka kukifuata. Kwenye kebo tafuta maandishi "Premium High Speed" kwa 4K ya Hz 60, au "Ultra High Speed" kwa zaidi ya hapo. Ukizidi mita 5 kwa 4K, kebo ya kawaida huanza kubahatisha.

Ukiunganisha televisheni badala ya monita, mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni kingo za picha kukatwa hadi sehemu ya upau wa chini wa Windows haionekani. Tatua kwenye televisheni yenyewe, kwa kipengele kama "Just Scan" au "Screen Fit", si kwa kupunguza picha kwenye kompyuta, maana utapoteza ukali wa maandishi. La pili ni weusi kuonekana kijivu. Kompyuta inapeleka rangi kwa masafa mafupi, 16 hadi 235, wakati skrini inasubiri 0 hadi 255. Kwenye paneli ya NVIDIA badili "Output dynamic range" iwe "Full".

*Idadi ya monita.* Tundu moja, monita moja. Splita ya HDMI inayouzwa kila mahali hutoa nakala ya picha ile ile kwenye skrini mbili. Haiwezi kupanua eneo la kazi. Pesa nyingi zimepotea hapo.

*Sauti.* HDMI ni njia ya uhakika kwa televisheni na monita zenye spika. Ila Windows, ikiona kifaa kipya cha HDMI, mara kwa mara hukifanya ndicho cha kutolea sauti bila kukuuliza. Spika zako za mezani zinanyamaza, na sauti inapelekwa kwenye monita ambayo pengine haina spika, ina tundu la hedifoni tu. Bofya alama ya spika kwenye upau wa chini, fungua orodha ya vifaa, na uchague unachotaka. Kwenye orodha hiyo utaona majina kama "NVIDIA High Definition Audio", "AMD High Definition Audio Device" au la Intel lenye neno "Display Audio". Hayo yote ni sauti inayopita kwenye kebo ya monita. Lenye neno Realtek kwa kawaida ndilo tundu la kijani la sauti lililo nyuma ya kasha.

Ikiwa hutaki sauti kwenye monita kamwe, bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, na kwenye ukurasa wa "Playback" bofya kulia kila monita uchague "Disable". Kinyume chake, kama unaitaka na jina la monita halimo kabisa, draiva ya michoro (programu inayoiendesha kadi) iliwekwa bila kipande chake cha sauti. Pakua draiva kamili kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, uiweke upya, na uhakikishe kisanduku cha sauti ya HDMI kimewekwa alama.

*Inamfaa* mwenye monita moja au mbili, mwenye televisheni, na anayetaka sauti na picha kwa waya mmoja.

VGA na DVI

*Picha.* VGA ilianza 1987 na bado inatosha kwa 1920 kwa 1080 ya Hz 60, hasa kebo ikiwa fupi na nene. Maandishi yakionekana kama yana kivuli, bonyeza "Auto Adjust" kwenye monita huku umefungua ukurasa mweupe wenye maandishi. Picha ikigeuka njano au waridi, pini ya rangi moja imepinda au skrubu za kichwa cha kebo zimelegea. DVI ni ya kidijitali, kwa hiyo haina kivuli hicho, na waya wake wa kawaida hufika 1920 kwa 1200.

*Sauti.* VGA haibebi hata kidogo, na DVI usiitegemee. Utatumia tundu la kijani. Hilo si pungufu kwa kila mtu: sauti ikiwa na njia yake, kuzima monita hakuigusi.

*Idadi ya monita.* Tundu moja, monita moja, kama HDMI.

*Hitilafu.* Picha ikikwama kwenye 1024 kwa 768 na Windows inaiita monita "Generic Non-PnP Monitor", kebo ina pini zinazokosekana, zile zinazopeleka taarifa za monita kwa kompyuta. Badili kebo. Adapta ya HDMI kwenda VGA huvuta umeme wake kwenye tundu la HDMI lenyewe, na tundu likitoa umeme hafifu, skrini huzima na kuwaka. Nunua ile yenye tundu dogo la USB la kuongezea umeme, na ikiwezekana yenye tundu la sauti la mm 3.5 pembeni. Kigeuzi cha VGA kwenda HDMI ni kifaa tofauti kabisa. Ukikosea, hakuna kitakachowaka.

*Inamfaa* mwenye monita za zamani zilizo nzima, ofisi ya kuchapa na kuhifadhi kumbukumbu, shule, na duka la malipo.

Adapta za USB

Hapa kuna vitu viwili vinavyofanana kwa nje. USB-C yenye uwezo wa kubeba DisplayPort hufanya kazi kama DisplayPort ya kawaida, lakini USB-C nyingi za kompyuta za mezani hazina uwezo huo. Tafuta alama ya DP au ya umeme wa radi (Thunderbolt) karibu na tundu, au soma mwongozo wa ubao mama. Cha pili ni adapta yenye chip ya DisplayLink, ambayo hufanya kazi kwenye USB yoyote.

*Picha.* DisplayLink huibana picha kwa nguvu ya prosesa kisha kuipitisha kwenye USB. Kwa barua pepe, Excel na kurasa za wavuti ni sawa tu. Kwa gemu na video nzito utaona inachelewa. Ichomeke kwenye USB 3.0.

*Idadi ya monita.* Ndiyo sababu ya kuinunua: inaongeza monita pale kompyuta ilipoishiwa matundu.

*Sauti.* Inajitokeza kama kifaa cha sauti cha USB, tofauti na HDMI ya kadi. Windows huweza kuirukia kama inavyorukia HDMI.

*Hitilafu.* Bila draiva haionyeshi kitu, hivyo skrini ya BIOS hutaiona hapo. Hakikisha monita moja iko kwenye tundu la kweli. Filamu zenye ulinzi wa hakimiliki zinaweza kutokea kama mraba mweusi. Na kuna hili linaloonekana kama mazingaombwe: monita inazima sekunde chache mtu anapoinuka kwenye kiti cha gesi. Kiti hutoa cheche ndogo ya umeme tuli, na kebo isiyokingwa vizuri huinasa. Hutokea hata kwa HDMI na DisplayPort. Dawa ni kebo fupi yenye kinga nzuri, na kuisogeza mbali na kiti.

*Inamfaa* mfanyakazi wa ofisi anayehitaji skrini ya ziada kwa nyaraka, si zaidi ya hapo.

Je, sauti ipewe njia yake?

Kwa anayehudhuria vikao mtandaoni kila siku, anayerekodi au anayefundisha, tunashauri ndiyo, hata kama monita zina spika. Spika za monita kwa kawaida ni hafifu, na matundu yake ya hedifoni hayana njia ya maikrofoni. Tundu la kijani la nyuma ni rahisi na halitegemei monita. Mtego wake ni hedifoni zenye plagi moja ya mikanda mitatu, zile za simu: ukizichomeka kwenye kijani utasikia lakini hutasikika. Unahitaji kigawanyi cha matawi mawili, la kijani na la waridi.

Spika zikitoa mngurumo wa chini usiokoma, chunguza umeme kabla ya spika. Chomeka kasha, monita na spika kwenye ekstensheni moja yenye ardhi ya kweli, kwenye soketi ya pini tatu iliyofungwa ardhi. Zipo ekstensheni ambazo pini ya ardhi ni pambo tu, ndani haijaunganishwa. Chomoa kebo ya monita kwa muda: mngurumo ukikoma, umeme unazunguka kupitia ardhi ya kebo hiyo, na kichujio cha mm 3.5 cha kutenganisha ardhi kitaumaliza.

Hedifoni za USB huepuka mngurumo huo, ndiyo maana vituo vya huduma kwa wateja huzipenda. Bluetooth ni huru zaidi, lakini maikrofoni yake ikiwashwa kwenye kikao, ubora wa sauti unayosikia huporomoka mara nyingi. Vifaa vya USB 3.0 pia hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz. Kidude cha Bluetooth kilichobanana na diski ya nje nyuma ya kasha kitakatakata sauti. Kihamishie mbele au kwenye kebo ndogo ya USB.

Kabla ya kununua kingine

Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja: draiva ya michoro inaanza upya, skrini inapepesa, na mara nyingine picha iliyokwama inarudi. Ikishindikana, zima kila kitu, chomoa monita ukutani kwa sekunde 30, kisha washa monita kwanza na kompyuta baadaye. Halafu badilishana kitu kimoja kimoja: peleka kebo ya monita nzima kwenye ile mbovu, baadaye tundu, baadaye monita yenyewe. Kosa likihama na kebo, kebo ndiyo mbaya. Likibaki kwenye tundu, shughulika na kadi au draiva. Ukibadili viwili kwa mpigo hutajua kipi kilitibu.

Kulingana na hali yako

Una OptiPlex au EliteDesk ya mtumba na monita mbili za VGA: moja iende moja kwa moja, ya pili kwa adapta ya DisplayPort kwenda VGA, sauti kwenye tundu la kijani.

Unataka monita tatu kwa mashine hiyo hiyo: hakikisha prosesa ni kizazi cha tatu au zaidi, tumia DisplayPort mbili halisi, na VGA ibaki ya barua pepe.

Una kadi ya michoro ya kisasa na monita za kasi: DisplayPort kwa ile kuu, HDMI kwa ya pembeni, na zima sauti ya monita zote kwenye mmsys.cpl.

Skrini yako ya pili ni televisheni ya sebuleni: HDMI, na iache ibebe sauti. Picha ikichelewa kuitikia kipanya, washa hali ya gemu kwenye televisheni.

Matundu yameisha na huchezi gemu: DisplayLink inatosha. Kama kasha lina nafasi ya kadi, linganisha kwanza bei ya adapta nzuri na ya kadi ndogo ya mtumba yenye matundu matatu, na upime chanzo cha umeme na kimo cha kasha, kwa kuwa makasha membamba hukubali kadi fupi tu.

Kazi yako ni kuzungumza na wateja siku nzima: chagua picha kwa njia yoyote kati ya hizi, ila hedifoni iwe ya USB, na ndani ya programu ya vikao uitaje hiyo kwa jina badala ya kuacha "Default".